Niliwaficha Wenzangu Sehemu ya Nne

Mama Charlotte, nakusalimu kutoka Nyakasanza, hapa Bunia, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi kwa sababu baada ya Jumamosi hakutabaki cha kushauri. Nina miaka kumi na tisa, nilipata diplome ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, mwaka jana, na sijawahi kumwandikia mtu nisiyemjua, sembuse mshauri wa gazeti. Nyumbani siwezi kusema. Baba ni mwalimu, atanipa somo zima kuhusu uongo, na mama ataniuliza kwa nini msichana mkubwa anakosa usingizi kwa ajili ya riwaya. Nimefunga mlango wa chumba, ninaandika haraka, unisamehe mwandiko.

Karibu na parokia yetu kuna chumba cha kusomea chenye rafu tatu, na anayekitunza ni kaka mmoja tunayemwita Ya Edouard. Miaka miwili hii amekuwa akipata riwaya mpya za vijana, zile zinazoandikwa sasa hivi kuhusu watu wa umri wetu, msichana anayeingia darasa ambalo hamjui mtu, marafiki wanaokosana na kurudiana, mtu anayetafuta mahali pa kukaa ambapo hataulizwa anatoka wapi. Kila riwaya inakuja nakala moja tu, na wanaoitaka ni wengi. Basi Ya Edouard anachukua wembe, anakikata kitabu mgongoni kuwa sehemu nne, anashona kila sehemu kwa uzi wa gunia, anaifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji na kuandika namba juu yake. Wasomaji wanne wanakuwa kikundi. Wa kwanza anasoma sehemu ya kwanza wiki nzima, Jumamosi anampa wa pili na yeye anachukua sehemu ya pili, na hivyo hivyo mpaka kitabu kiishe. Sheria ni moja, aliye mbele hasimulii yaliyo mbele.

Katika kikundi chetu mimi ni wa kwanza kwa sababu nasoma haraka. Wa pili ni Bénédicte, ambaye anabisha kila kitu, wa tatu ni Ephraïm, ambaye anacheka kila kitu, na wa nne ni Falone. Shuleni miaka sita sikuwa na rafiki, Mama Charlotte, sikugombana na mtu ila nilikuwa nakaa kwenye ngazi wakati wa rekreo, saa ya mapumziko, nikiangalia viatu vya wengine, na nilijiambia kwamba ndivyo nilivyoumbwa. Siku hizi nikiamka Jumamosi najua kuna watu watatu wanaoningoja. Sijui kama unaelewa ukubwa wa jambo hilo.

Falone alikuja wa mwisho. Ana miaka kumi na saba, anakaa mtaa wa Saio kwa mama yake mkubwa, familia yao ilikimbia vita kutoka upande wa Bambu na mama yake mzazi akaishia ng'ambo nyingine, kando ya ziwa, upande wa Mahagi, pamoja na mdogo wake wa kiume. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akiwa na sweta lake la kijani lililokosa kifungo cha shingoni, akamwona Ya Edouard ameinamia kitabu na wembe, akasema, "Munapasua kitabu ya watu? Na munaangalia tu?"

Ephraïm akamjibu, "Ni operesheni, dada. Muganga iko hapa, mugonjwa hajalalamika bado."

"Na akikufa?"

"Akikufa tunamushona."

Falone akacheka, akakaa kando yangu bila kuuliza kama nafasi ina mtu. Tangu siku hiyo anakaa hapo.

Sasa kosa langu. Mwezi wa sita tulipata riwaya moja inayotokea Matadi, kuhusu vijana watatu na msichana mmoja, Fifi, aliyehamia kule na baba yake dereva wa lori. Mwanzoni Fifi hasemi na mtu, halafu polepole wale vijana wanakuwa watu wake, na mwishoni mwa sehemu ya tatu baba anatangaza kwamba wanahama tena. Kikundi chetu hakikuwahi kupenda kitabu namna hiyo. Falone, aliyepata sehemu ya kwanza wiki ile ile niliyopokea ya nne, alikuwa akinipigia simu usiku kuniuliza, "Niambie tu kama uyu mutoto ya dereva atabaki, sitasema kwa mutu," na mimi namwambia sheria ni sheria, na kumbe ya nne bado sijaifungua.

Wiki hiyo hiyo dereva mmoja alimletea Falone ujumbe wa mama yake. Mama amepata nyumba ya vyumba viwili, anakausha samaki na wanawake wengine, anataka mtoto wake aje kabla masomo hayajaanza Septemba. Falone aliniambia tukiwa njiani, akasema hajui, akasema, "Kule nitaanza tena kuitwa ule wa kuja." Nikaenda nyumbani nikasoma sehemu ya nne. Fifi anaondoka. Anaondoka asubuhi na lori la baba yake, marafiki zake wanapata habari wakiwa wamechelewa, wanakimbia mpaka pale malori yanapolala, na wanakuta doa la mafuta chini. Kitabu kinaishia hapo, kwenye doa la mafuta.

Jumamosi nikawaambia kwamba mvua ilivuja kwenye paa letu na sehemu ya nne imeharibika yote. Haikuvuja. Iko chini ya godoro langu mpaka sasa. Ya Edouard alitazama mikono yangu mitupu, akasema vitabu navyo vinapata ajali. Ndipo nikasema kwamba bahati nzuri nilikuwa nimeshaisoma, kwa hiyo nitaiandika kwenye kaye, daftari langu, kama ninavyoikumbuka, na wote wakishamaliza sehemu ya tatu nitawasomea. Nikaandika kurasa ishirini na sita. Katika kurasa zangu Fifi anapanda lori, lori linawashwa, halafu anashuka, na baba yake anamwacha kwa mama mmoja jirani, na wote wanne wanakula sombe, majani ya muhogo, jikoni asubuhi yenye ukungu.

Jumamosi walipomaliza sehemu ya tatu nikawasomea. Bénédicte akanikatiza, "Ngoja kwanza. Hapa umesema Fifi alivaa triko juu ya baridi. Matadi? Baba mudogo yangu alikalaka kule, anasema ata usiku watu wanalala bila shuka."

Ephraïm akasema, "Labda climat imebadilika. Weye unapenda kusumbua mwandishi."

"Simusumbui. Ninasema tu, hii kitabu yote hakuna mutu alisikia baridi, leo mara moja wanavaa triko na wanakula sombe sawa wako hapa Bunia."

Mimi nikasema labda sikukumbuka vizuri, nikageuza ukurasa. Nilikuwa nimemvika Fifi sweta la kijani lisilo na kifungo cha shingoni, lile la Falone, sikugundua nilipokuwa naandika, niligundua niliposikia sauti yangu ikilisoma. Nilipomaliza Falone akaomba kaye, akasema anataka kuirudia nyumbani. Ni wiki tatu sasa, hajairudisha.

Wiki iliyofuata akaniambia ameshamjibu mama yake mkubwa. "Nilimuambia mimi ninabaki. Nimeshapata watu yangu. Ata Fifi alibaki." Akasema akitabasamu na akaniangalia kwa muda mrefu, mimi nikafurahi, Mama Charlotte, nilifurahi mpaka niliona aibu, nikamnunulia beignet, andazi la moto.

Jumatano iliyopita Ya Edouard akatutangazia kwamba rafiki wa parokia anatuma karton ya riwaya, na ndani yake kuna nakala tano nzima za kitabu kile kile, zitatolewa Jumamosi, kila mtu atasoma mwisho wake halisi, na akageuka kwangu akasema, "Weye hautalala tena na uchungu wa ile mvua." Dereva aliyeleta ujumbe anarudi Mahagi Jumanne inayofuata. Mama yake Falone ameomba jibu la mwisho kabla gari halijatoka.

Nimewaza kumwambia Falone, na nimeona uso wake akisikia kwamba aliamua maisha yake kwa kurasa zangu. Nimewaza kunyamaza na kudai kwamba mwandishi alibadilisha mwisho. Nimewaza hata kwenda Ijumaa kumsaidia Ya Edouard kufungua karton, nikiwa na wembe. Nikisema nitampoteza, na nikinyamaza atafungua ukurasa wa mwisho peke yake. Nifanye nini? Nirudishe sehemu ya nne au niichome?

Wa Namba Moja, Nyakasanza

*

Wa Namba Moja, jibu hili nilikutumia kwa simu siku ile ile barua yako ilipofika, ili ulipate kabla ya Jumamosi. Ninaliweka hapa gazetini sasa tu, wiki mbili baadaye, nimebadilisha majina, na sikukuuliza mlimaliza vipi.

Kwanza, weka wembe chini. Ukishafika mahali pa kutaka kukata kurasa za mwisho za nakala tano ili mtu asijue kitu, hilo tayari ni jibu, na unalijua. Na usichome chochote. Kitabu kile si chako.

Ninakuhurumia, mwanangu, wala sisemi hivyo kwa adabu. Mtu aliyekaa miaka sita kwenye ngazi akiangalia viatu vya wengine, siku akipata kiti chenye mtu kando yake, atafanya mambo mengi ya kijinga ili kile kiti kisiwe tupu. Wewe umefanya moja, umelifanya kwa kurasa ishirini na sita, na ukalisoma kwa sauti mbele ya watu. Haya, limefanyika.

Lakini acha kujidanganya kwamba ulimdanganya Falone kwa ajili ya Falone. Yeye alikuambia waziwazi anachoogopa, kwamba kule ataanza tena kuitwa wa kuja. Ungeweza kumuuliza maswali kumi papo hapo njiani. Anamkumbuka mama yake? Mdogo wake ana miaka mingapi sasa? Kwa mama mkubwa Saio anaishi vizuri, au anavumilia? Katika barua yako ndefu hakuna hata swali moja ulilomuuliza. Ulienda nyumbani ukafungua kitabu. Mama yule anayekausha samaki kando ya ziwa umempa mistari miwili, na Fifi, ambaye hayupo duniani, umempa ukurasa mzima. Soma tena barua yako uone.

Pili, jishushe kidogo. Unafikiri msichana aliyekimbia vita, akahamia mji asioujua na kujifunza kukaa kwa watu, ameamua kubaki Bunia kwa sababu msichana wa kwenye riwaya alishuka kwenye lori? Bénédicte aligundua baridi ya Matadi kabla hujamaliza ukurasa. Na Falone, ambaye sweta lile ni lake na kifungo kinachokosekana ni chake, wewe unadhani hakujisikia akitajwa? Aliomba kaye. Amekaa nayo wiki tatu. Kisha akakuambia "ata Fifi alibaki" na akakuangalia kwa muda mrefu. Sitasema kwamba anajua, maana simjui Falone. Ninasema kwamba ulipewa mlango wa kuingilia, ukanunua beignet.

Inawezekana alikuwa anangoja useme. Inawezekana hakujua lolote na Jumamosi ingemwangukia kichwani. Kwa vyote viwili kazi yako ni ile ile, kwa hiyo usipoteze siku kubahatisha.

Fanya hivi. Leo toa sehemu ya nne chini ya godoro. Angalia uzi wake. Kama umelegea kwa kulaliwa, chukua sindano uushone vizuri, usimrudishie Ya Edouard kitu kilichochakaa kwa hila zako. Kesho mchana, si usiku na si kwa simu, nenda Saio. Msalimie kwanza mama mkubwa, kaa, kunywa unachopewa, halafu omba utoke na Falone mzungumze. Mpe ile sehemu mkononi, aisome kabla haijarudi kwa Ya Edouard Jumamosi. Mwambie mambo matatu kwa mpangilio huu: mvua haikuvuja, mwisho niliowasomea niliuandika mimi, niliuandika kwa sababu niliogopa utaondoka. Ishia hapo. Usimwambie kwamba unampenda kama dada, hilo alisikie siku nyingine, siku ambayo halitakuwa dawa ya kosa lako. Na usilie kabla yake, kwa sababu ukianza kulia wewe, yeye ndiye atakayelazimika kukubembeleza, na atakuwa amebeba mizigo miwili.

Akikasirika, muache akasirike. Akikuambia uondoke, ondoka, muage mama mkubwa na upande moto, pikipiki ya abiria, urudi Nyakasanza. Akikuuliza "Kwa hiyo niende au nibaki?", utatamani sana kujibu. Usijibu. Mwambie ampigie mama yake simu azungumze naye kwa sauti, siyo kupitia kwa dereva wala kupitia kwa mama mkubwa, na umwachie simu yako yenye unite za kutosha kwa maongezi marefu. Kisha ukae mbali usisikie. Wewe umezoea kusoma sehemu zote kabla ya wengine. Safari hii ni yeye wa namba moja.

Jumamosi fika kabla ya karton. Mwambie Ya Edouard peke yake kwanza, maana yeye alitazama mikono yako mitupu ulipomtajia mvua, na mtu aliyekata na kushona vitabu miaka miwili anajua jinsi karatasi iliyolowa inavyoletwa: inaletwa hata kama imeharibika. Hukumletea kitu. Sidhani kama aliudanganyika uongo wako. Halafu waambie Bénédicte na Ephraïm. Mmoja atabisha, mwingine atacheka, na utavumilia yote mawili. Pengine watakuambia uwe wa nne kwenye kitabu kijacho. Kubali.

Kuhusu kaye, usiidai. Kama Falone akiirudisha, andika jina lako kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu kile ulichoandika kilikuwa na kosa moja tu, hakikuwa na jina la aliyekiandika. Nimesoma barua yako mara mbili na ninakuambia bila kukubembeleza, unajua kuandika. Andika kuhusu watu wanaosikia baridi asubuhi na kula sombe, uwaache Bunia wanapokaa, usiwapeleke Matadi na masweta.

Na kuhusu Jumanne. Kama Falone atabaki, atabaki kwa sababu alizozungumza na mama yake, na utamkuta Jumamosi kando yako au kando ya mwingine. Kama ataondoka, jua saa gari linapopakia, uwapitie Bénédicte na Ephraïm mapema, na mfike pale kabla dereva hajawasha. Mbebee mfuko. Simama hapo mpaka gari limetoka. Katika kitabu kile marafiki walikuta doa la mafuta, na hilo ndilo lililokuumiza mpaka ukaficha sehemu nzima chini ya godoro. Basi hapo pabadilishe. Hakuna mtu atakayekulaumu kwa hilo.

Mama Charlotte